Kilichosemwa Wakati wa Chai

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja tu, na robo ya ukurasa huo ilikuwa imeliwa na nembo ya chuo. Chini ya nembo kulikuwa na visanduku vitano, kila kimoja na jina la mchepuo, pamoja na maelekezo: mwanafunzi wa uzamili wa uhusiano wa kimataifa atie alama kwenye kisanduku kimoja, aeleze sababu kwa sentensi zisizozidi tatu, na airudishe fomu masjala kabla ya saa nne asubuhi ya Ijumaa. Atakayechelewa atapangiwa. Hilo neno la mwisho lilipigiwa mstari, maana vyuo navyo vinajua kutisha watu wazima.

Ilikuwa Jumatatu. Wanafunzi ishirini na saba waliipokea wakicheka na kuchunguliana. Wa ishirini na nane aliisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, kisha akaandika kwenye daftari saa na dakika aliyoipokea.

Huyo wenzake walimwita Karani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkubwa kuliko darasa zima, na jina hilo la utani alilipata wiki ya kwanza kwa sababu aliandika kila kitu: alichosema mhadhiri, alichouliza mwanafunzi, hata pale mhadhiri alipokohoa. Aliyekosa kipindi alimfuata yeye, na daftari lake lilikuwa limepigwa picha nyingi kuliko bibi harusi. Wasichokijua ni kwamba jina walilompa kwa mzaha ndilo lililokuwa cheo chake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa vikao wizarani, idara ya mipaka. Serikali mbili zikikutana kuzungumzia daraja, kivuko au mifugo iliyovuka bila kuaga, yeye alikaa mwisho wa meza na kuandika muhtasari.

Kwa kweli hakuwa na la kuchagua. Mkurugenzi wake alimpa ruhusa ya masomo kwa maneno machache. "Nenda kasome Usalama wa Kimataifa," alimwambia. "Mkuu wa kitengo cha usalama wa mipaka anastaafu. Kiti kile ni chako, mradi usije ukaniletea shahada ya mashairi." Karani akajibu, "Sawa, bosi," na nani asingejibu hivyo? Kitengo kilikuwa na ofisi yenye mlango. Yeye miaka yote alikuwa amekalia meza ya koridoni, kando ya mashine ya kunakili, na kila aliyekuja kutoa nakala alimwegemea begani kana kwamba na yeye ni sehemu ya mashine.

Basi kutia alama kwenye kisanduku cha kwanza ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini chuo kilikuwa na utaratibu wake kiliouita wiki ya kuonja. Kabla ya kurudisha fomu, kila mwanafunzi alipaswa kuhudhuria kipindi kimoja cha kila mchepuo, apende asipende. Na Karani, mbali na kuandika, alikuwa na ugonjwa mwingine ambao wizara haikuujua, nao ni udadisi. Mtu wa namna hiyo ukishamwonjesha, umejitafutia kesi.

Alianza na Usalama Jumatatu ileile. Mhadhiri alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa linaweza kusimama lenyewe. Alitandaza ramani, akauliza mpaka ule unalindwa na nini. Wakasema askari, wakasema uzio, mmoja akasema kamera. "Unalindwa na watu waliooana huku na huku," mwanajeshi akasema. "Hao wakikosana, leteni askari mnaowataka." Karani alifurahi. Akajiambia kumbe bosi hakumtupa pabaya.

Jumanne ikaharibu mambo. Mhadhiri wa Biashara alitumia saa nzima kufumua kiatu kimoja, akawaonyesha soli imetoka nchi gani, kamba nchi gani, gundi nchi gani, na ushuru uliolipwa kila kilipovuka. Karani alitembea hadi kipindi kilichofuata akiangalia miguu yake. Huko, mama mmoja aliyewahi kusimamia kambi ya wakimbizi aliwapa karatasi tupu na kuwaambia wapange mahema ya watu elfu nne. Wakapanga mahema, wakapanga zahanati, wakapanga hata uwanja wa mpira. Mama akauliza, "Vyoo?" Darasa zima likatafuta vifutio. Na mhadhiri wa Mazingira, kijana mwenye ndevu za kubahatisha, aliuliza swali moja akaondoka nalo: mvua ikiwa bado mawinguni juu ya nchi ya jirani, nayo ikinyesha itakuwa mto wangu, hivi sasa ni ya nani?

Jioni hiyo Karani aliingia nyumbani akiwa hana hili wala lile, ila anaongea. Aliishi kwa shangazi yake, mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyeshona mapazia katika chumba cha mbele, cherehani ikiwa dirishani ili apate mwanga na pia apate kuona nani anapita na nani.

"Shikamoo, Shangazi. Unajua vyoo vinatangulia mahema?"

"Marahaba. Umekwenda kusoma au umekwenda sokoni? Kila siku unarudi na bidhaa mpya." Shangazi alikata uzi kwa meno. "Ile ya cheo umeshaijaza?"

"Bado. Mpaka Ijumaa."

"Unasubiri nini? Mimi majirani nimeshawaambia naishi na mkuu wa kitengo. Usije ukanifanya mwongo uzeeni."

Karani alicheka, lakini alijua kuna jingine linakuja, na lilikuja. Shangazi alisimamisha cherehani.

"Na hapo chuoni, katika hayo yote mnayofundishwa, hawajawaambia kwa nini cha chini?"

Hapa inabidi tueleze. Shangazi hakuzaliwa na mapazia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na duka kwenye Kivuko cha Chini, katika mto ule unaotenganisha nchi mbili, akiuza sabuni, chumvi, kamba na betri za tochi kwa wanaovuka. Duka hilo ndilo lililomlea Karani baada ya wazazi wake kufariki, likamlipia shule mpaka akapata kazi wizarani. Kisha, miaka tisa iliyopita, serikali zile mbili zikaona hazina uwezo wa kuendesha vivuko viwili kwenye mto mmoja. Wajumbe wakakutana wachague cha kufunga, cha juu au cha chini. Wakafunga cha chini. Katika miezi mitatu gati ikabaki ya ndege wa mtoni, na Shangazi akapakia alichoweza kupakia akaja mjini kujifunza kushona akiwa na miaka hamsini na nne. Na muhtasari wa kikao hicho, ule uliofunga kivuko, uliandikwa kwa mkono wa mpwa wake.

Shangazi hakuwahi kumgombeza. Ila kila baada ya muda aliuliza.

"Sijui, Shangazi," Karani akajibu, kama alivyojibu kwa miaka tisa. "Walibishana siku tatu. Siku ya tatu wakaenda kunywa chai. Waliporudi wakasema wamekubaliana."

"Kwenye chai walisema nini?"

"Karani haendi kwenye chai. Anabaki na makaratasi."

"Haya," alisema Shangazi, akakanyaga cherehani kwa nguvu. "Siri za serikali ni za serikali."

Hakuwa anamwamini, na hilo ndilo lililomuuma Karani kuliko kama angetukanwa.

Jumatano ilikuwa zamu ya mchepuo wa mwisho, Majadiliano na Usuluhishi, ambao wanafunzi waliuita shule ya porojo. Aliyeufundisha alikuwa balozi mstaafu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na ukimwona mara ya kwanza ungedhani amekuja kumtafuta mjukuu wake. Hakufundisha. Aligawa darasa pande mbili, kila upande nchi yake, akawapa daraja la kubuni linalounganisha nchi hizo. Kituo cha forodha ni kimoja tu. Kijengwe upande gani? Wana saa mbili za kukubaliana.

Upande mmoja ulimchagua Karani awe kiongozi wa ujumbe, kwa sababu, walisema, ndiye mwenye mvi mbili. Msaidizi wake akawa kijana aliyewahi kusoma taarifa redioni, waliyemwita Mtangazaji, ambaye hata akiomba kalamu husikika kama anatangaza msiba wa kitaifa.

Saa ya kwanza Karani aling'ara. Hakuwa msemaji, lakini alikumbuka kila neno. "Mwanzoni mlisema barabara yenu haina lami," aliwaambia wa upande wa pili. "Sasa hivi mmesema malori yenu yanafika kwa saa mbili. Yanapaa?" Darasa likacheka, wale wakafungua makabrasha yao kutafuta walichosema, na Mtangazaji akamnong'oneza, "Mkuu, tumewashika pabaya." Ilikuwa kweli. Kituo cha forodha kilikuwa kinanukia upande wao.

Balozi akaangalia saa. "Mapumziko ya chai. Dakika kumi na tano."

Viti vikasukumwa, watu wakatoka, vicheko vikahamia koridoni. Karani alikusanya karatasi zilizotapakaa mezani, zake na za wapinzani, akazipanga kwa kufuata ajenda. Alifunga dirisha moja upepo usizipeperushe. Kisha akakaa, akachukua rula, akapiga mstari, akaandika: Kikao kiliahirishwa kwa mapumziko ya chai. Akaanza kusafisha muhtasari wa saa ya kwanza, na alikuwa ametulia kabisa, kwa sababu mkono wake ulikuwa ukifanya kilichofanywa na mkono huo kwa miaka kumi na mmoja. Hata haikumpitikia kwamba siku ile hakuwa karani.

Walirudi wakiwa wamechangamka. Mtangazaji alikuja mbio na kikombe bado mkononi.

"Mkuu, tumemaliza! Forodha iwe kwao, sisi tupewe usimamizi wa daraja."

"Nani amekubali?"

"Sisi sote. Tulipeana mikono pale kwenye birika." Akajikuna kichwa. "Tulikuchungulia, tukakuona uko bize."

Na hapa ndipo pa aibu yenyewe. Karani hakupinga. Aliinamisha kichwa, akashika kalamu, akaandika: Baada ya mapumziko, wajumbe walikubaliana. Alipomaliza kuweka nukta ndipo alipoisoma sentensi hiyo. Alikuwa ameiandika mara ngapi maishani?

Balozi alikuwa amesimama nyuma yake. "Wewe si ndiye kiongozi wa ujumbe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Balozi."

"Sasa mbona umebaki ndani?"

"Karani haendi kwenye chai," akasema, na neno likawa limeshatoka. Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mtangazaji alicheka mpaka akamwaga chai. Karani akaanza kupanga upya makaratasi yaliyokwisha kupangwa.

Balozi hakucheka. Alivuta kiti. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna aliyenifundisha. Ndivyo tunavyofanya. Lazima mtu abaki na makaratasi."

"Makaratasi yanatoroka?" Alingoja kicheko kiishe, kisha akasema polepole, kana kwamba anamwambia yeye peke yake. "Nimekaa kwenye vikao miaka thelathini na moja, nami sijaona jambo zito likimalizwa mezani. Mezani watu wanatangaza tu. Wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo. Hebu niambie, katika vikao vyote ulivyoandika, kipi ungependa kujua chai yake ilikuwaje?"

Karani hakuhitaji kufikiri, akamtajia kile cha vivuko.

"Aliyekuwepo bado yu hai?" Balozi akauliza.

"Ndiye bosi wangu."

"Basi si umuulize. Kuuliza si ujinga." Akainuka, akaikung'uta sketi yake. "Mchepuo wangu una nafasi sita. Tano zimejaa. Mwaka jana hazikujaa hata nne, kwa hiyo usiogope foleni."

Usiku ule Karani alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Alikuwa amefedheheka mbele ya watu, lakini chini ya fedheha kulikuwa na kitu kingine kikimtekenya. Vikao vyote vile, mamia, na kila kimoja kilikuwa na shimo la dakika kumi na tano katikati. Alikuwa amepiga mistari mizuri kuzunguka shimo hilo na kuliita muhtasari. Watu walisema nini humo? Nani alianza? Walisimama au walikaa?

Alhamisi mchana Mkurugenzi alimpigia mwenyewe. Karani alipokelea simu kwenye ngazi za maktaba.

"Umeshatia alama?"

"Bado, bosi."

"Bado? Kesho saa sita kamati ya vyeo inakaa. Nataka nakala ya fomu mezani kwangu kabla ya hapo, niwaonyeshe kwamba mtu wetu anasomea hicho kitu. Kuna wawili wananyemelea kiti kile, na mmoja ana mjomba. Usiniangushe."

"Sitachelewa. Bosi, naomba kukuuliza jambo."

"Uliza."

"Kile kikao cha vivuko, miaka tisa iliyopita. Mlipokwenda kunywa chai siku ya tatu, mlisema nini?"

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Hayo umeyafufua wapi?"

"Nataka kujua tu. Siandiki."

Pengine ni hilo lililomlegeza, kwamba haandiki. Karani akasikia kiti cha bosi wake kikilia.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza," alisema. "Nilikuwa na mafua, nakumbuka hilo. Mwenzangu wa ng'ambo akaniambia gari lake linaondoka saa kumi, likimwacha analala pale usiku wa nne. Mimi mwenyewe nilishachoka. Nikamwambia tufunge kimoja basi, twende nyumbani. Akaniuliza kipi. Nikasema cha chini. Akasema sawa."

"Kwa nini cha chini?"

Mwanafunzi mmoja alipita kwenye ngazi na rundo la vitabu, Karani akamsogezea miguu apite.

"Kilikuwa cha kwanza kwenye orodha," alisema Mkurugenzi. "Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, nikasoma cha kwanza. Wahandisi walikuja baadaye kutafuta sababu, wakazipata. Lakini nikikuambia kulikuwa na sababu siku ile nitakuwa nakudanganya. Kama pale kwenye chai kungekuwa na mtu hata mmoja anayekijua kile kivuko, akasema pale kuna watu na maduka, sidhani kama ningebisha. Haya, hayo yamepita. Nitumie fomu."

"Ahsante, bosi," akasema Karani, na simu ikakatika.

Orodha ya mambo ya kujadiliwa ni kazi ya karani. Yeye ndiye aliyeichapa ile karatasi, jioni moja, peke yake pale koridoni. Hakuna aliyemwambia aanze na kipi. Alianza na Kivuko cha Chini kwa sababu ndicho alichokijua, ndiko kwao, na akaona fahari kidogo kukitanguliza mbele ya serikali mbili. Kisha akaandika cha juu chini yake. Na siku ya tatu, mtu pekee katika jengo lile aliyejua majina ya watu wa gati ile alikuwa amebaki ndani, akizuia makaratasi yasipeperuke.

Alikaa pale ngazini mpaka kivuli cha jengo kikamfikia. Alilia, tena si kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Alipojaribu kuifikiria ile ofisi yenye mlango, aliiona vizuri kabisa, na kusema kweli bado aliitaka. Hilo tusilifiche. Aliwaza kwamba akiwa mkuu wa kitengo atakuwa na mamlaka, na mtu wa mamlaka huenda kwenye chai bila kuomba ruhusa. Lakini akamkumbuka Mkurugenzi. Alikuwa na mamlaka yote, na alikwenda, na hakujua la kuuliza.

Ijumaa saa tatu na nusu alisimama kwenye dirisha la masjala. Alitia alama kwenye kisanduku cha tano. Penye sababu akaandika sentensi moja, ingawa aliruhusiwa tatu: Nimeandika muhtasari wa vikao mia mbili na kumi na vinne, na sijui hata kimoja kiliamuliwaje.

Mama wa masjala aliisoma, akamtazama juu ya miwani, akaisoma tena. "Umewahi," alisema. "Ilibaki nafasi hiyohiyo." Akagonga muhuri.

Karani aliipiga picha fomu ile na kumtumia Mkurugenzi, kama alivyoahidi, akaongeza kwamba anaomba radhi na kwamba atarudi kazini hata kama ni kwenye meza ileile. Jibu lilikuja saa saba mchana. Nimeona. Kiti kimepata mtu. Baada ya dakika chache likaja jingine, neno moja tu: Pole. Alilisoma mara nyingi bila kujua bosi wake alikuwa anampa pole ya nini hasa.

Nyumbani alimkuta Shangazi akipinda pazia la kijani la mteja. Alimsalimia, akakaa kwenye kigoda badala ya kiti, kama mtoto aliyevunja kitu.

"Nimekosa cheo, Shangazi. Nimechagua kingine."

Cherehani ikasimama. "Kingine kipi?"

"Majadiliano. Kujua watu wanavyokubaliana."

"Na mimi majirani nitawaambia nini?" Lakini alimtazama mpwa wake usoni, na sauti ikabadilika. "Una nini, mwanangu?"

Karani akamweleza yote. Alimweleza mafua, gari la saa kumi, tufunge kimoja, kipi, cha chini, sawa. Hakupunguza wala hakutia chumvi, aliisema kama muhtasari, maana ndiyo njia pekee aliyoijua ya kusema jambo zito bila kuanguka katikati. Kisha akafika kwenye orodha.

"Orodha niliichapa mimi. Mimi ndiye niliyekiweka cha kwanza."

Nje mtu alipita na mkokoteni, ukalia, ukaishia mbali. Shangazi alikuwa ameushika upindo wa pazia kwa vidole vyote kumi.

"Kwa nini ulikiweka cha kwanza?" aliuliza.

"Kwa sababu ndiko kwetu."

Machozi yalimtoka Shangazi bila sauti, akayaacha yateremke. Karani alitaka kumgusa, akaogopa.

"Miaka tisa," alisema Shangazi, "nimekaa kwenye dirisha hili nikidhani kuna mkubwa mmoja mahali fulani alinifikiria, akapima, akaona mimi na wenzangu tuondoke. Nikawa namchukia huyo mtu. Nilishampa hadi sura. Kumbe hayupo." Akajifuta kwa kiganja. "Kumbe aliyetufikiria siku ile ni wewe peke yako."

Hapo Karani akashindwa kabisa, akaweka kichwa kwenye mapaja ya shangazi yake, juu ya pazia la watu, akalia kama hakuwahi kulia jana yake ngazini. Mkono ukamshukia kichwani, ukakaa.

Baadaye, chai ikiwa imeshapoa mezani, Shangazi alikunja uso kama mtu aliyekumbuka alichosahau dukani.

"Na yule wa ng'ambo," alisema. "Gari lake. Aliliwahi?"

Katika yote yale Karani hakuwa amefikiria kuuliza.

"Sijui, Shangazi."

"Basi kaniulizie," Shangazi alisema, akairudishia cherehani mguu.